Christian Daniel Rauch, mchonga sanamu wa Berlin: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Rauch ni nani hasa?

Ni mchonga sanamu wa Kijerumani aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1777 katika mji mdogo wa Arolsen, akafariki mjini Dresden tarehe 3 Desemba 1857. Kwa miaka arobaini hivi, aliyetaka mfalme, jemadari au mwanafalsafa wake asimamishwe kwa marumaru au shaba nyeusi alibisha kwanza mlango wa Rauch. Ukipita leo barabara ya Unter den Linden mjini Berlin utamwona mzee wa kofia ya pembe tatu juu ya farasi, katikati ya barabara. Hiyo ni kazi yake.

Kumbuka tu kwamba wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja. Ilikuwa mkusanyiko wa falme na himaya ndogondogo, kila moja ikiwa na mtawala wake, na kila mtawala akitaka apambwe kuliko jirani. Rauch alizaliwa katika himaya ya Waldeck, akafanya kazi yake kubwa Prusia, ufalme ambao Berlin ulikuwa mji wake mkuu, lakini pia akatengeneza sanamu za Bavaria. Ushindani huo wa watawala ulimpa riziki.

Alitoka katika familia ya wasanii?

Hapana. Baba yake alikuwa mtumishi katika kasri la mtawala wa Waldeck. Mtoto alionekana ana mkono mwepesi, akapelekwa kujifunza kwa Friedrich Valentin, mchongaji wa kasri hilo aliyeishi kijiji cha jirani cha Helsen. Baadaye, mwaka 1795, akaenda Kassel kuwa msaidizi wa mchongaji Johann Christian Ruhl. Hayo yalikuwa mafunzo ya fundi: kunoa patasi, kuchonga mapambo ya milango na mahali pa moto, kufagia vumbi la mawe.

Kisha misiba ikafuatana. Baba alifariki 1796. Mwaka uliofuata akafariki kaka yake, aliyekuwa na kazi katika kasri la mfalme wa Prusia huko Potsdam, na mzigo wa familia ukamwangukia Christian Daniel akiwa na miaka 20. Aliweka patasi chini, akaomba kazi ya utumishi katika kasri lile lile la kifalme.

Ni kweli kwamba alikuwa mtumishi wa malkia?

Ndiyo, na bila kulijua hilo huwezi kuelewa maisha yake. Kuanzia 1797 alivaa sare za watumishi wa kasri la Prusia, akamhudumia Malkia Luise, mke wa Friedrich Wilhelm III. Kazi yenyewe unaweza kuibuni: kusimama mlangoni, kusindikiza, kungoja. Saa za mapumziko alizitumia kuchora na kufinyanga, na alikwenda kusoma kwenye Chuo cha Sanaa cha Berlin kila alipopata nafasi.

Watu wengi husimulia kipindi hiki kama aibu iliyomchelewesha. Mimi naona kilimpa kitu ambacho chuo hakikuwa nacho. Kwa miaka kadhaa alimtazama malkia kwa karibu, alivyogeuza shingo, alivyosimama akichoka, alivyokuwa wakati hakuna mgeni wa kumpendeza. Hakuna mchongaji mwingine wa zama zake aliyepata ruhusa ya kumtazama mtu wa kifalme hivyo, tena kwa mshahara.

Mwalimu wake alikuwa nani?

Mjini Berlin alikuwa Johann Gottfried Schadow, aliyetengeneza lile gari la farasi wanne lililo juu ya Lango la Brandenburg. Schadow ndiye pia aliyechonga, miaka ya 1795 hadi 1797, sanamu ya Luise akiwa bado binti mfalme, amesimama na mdogo wake Friederike, wamekumbatiana kama wasichana wowote wawili wanaorudi matembezini. Ni sanamu changamfu mno, kiasi kwamba mfalme hakuipenda.

Schadow alimfundisha Rauch kuheshimu uso wa mtu kama ulivyo. Miaka ilivyokwenda, mwanafunzi alimpita mwalimu kwa umaarufu na kwa kazi za serikali, na mzee alilihisi.

Roma ilimwongezea nini?

Mwaka 1804 aliruhusiwa kuacha utumishi na kusafiri, na mfalme akamtengea posho. Akatua Roma, ambako balozi wa Prusia alikuwa Wilhelm von Humboldt, msomi yule aliyekuja kuanzisha Chuo Kikuu cha Berlin. Humboldt na mkewe Caroline walimfungulia nyumba yao. Pale Rauch alikutana na wachongaji wawili waliotawala Ulaya nzima, Mwitalia Antonio Canova na Mdenmark Bertel Thorvaldsen, na alikuwa na sanamu za kale za Wagiriki na Warumi za kutazama kila siku.

Somo la Roma lilikuwa utulivu. Mwili uliotulia, nguo inayoteremka kwa mikunjo michache iliyopangwa, uso usiopiga kelele. Kuanzia hapo kazi zake zote ni mazungumzo baina ya Schadow na Roma: mtu kama alivyo, na mtu kama sanamu za kale zingetaka awe.

Alipataje kazi ya jeneza la Malkia Luise?

Luise alifariki tarehe 19 Julai 1810 akiwa na miaka 34. Miaka minne kabla, Napoleon alikuwa ameivunja Prusia na kuifukuza familia ya kifalme hadi pembe ya mashariki ya nchi, kwa hiyo kifo cha malkia kilipokelewa kama msiba wa taifa lililokwisha kudhalilishwa. Mfalme, mtu mkimya asiyejua kusema maneno mengi, aliagiza ijengwe nyumba ya kaburi kwenye bustani ya kasri la Charlottenburg, na ndani yake alitaka sanamu ya mkewe.

Majina makubwa yalitajwa, Canova na Thorvaldsen miongoni mwao. Humboldt akampigia debe Rauch. Aliitwa kutoka Roma, akafinyanga mfano wa udongo karibu na mfalme, ambaye alifika mara kwa mara kuangalia na kusahihisha. Fikiria hali hiyo: mjane na mtumishi wa zamani wa marehemu wamesimama mbele ya udongo mbichi wakibishana juu ya kidevu chake.

Kilichotoka ni mwanamke aliyelala. Amevaa vazi jembamba, mikono imepishana juu ya kifua, miguu imepishana kwenye vifundo, kichwa kimeinama kidogo upande. Hapo ndipo ujuzi wa Rauch ulipo. Maiti hulazwa ikiwa imenyooka, miguu sambamba. Mtu aliyelala kwa hiari yake hupishanisha miguu bila kufikiri. Kwa kupishanisha tu miguu ile, Rauch aliondoa mauti chumbani. Mikunjo ya vazi inafuata mwili lakini haiufichui, jambo gumu sana kwenye jiwe, maana unene wa nguo unapimwa kwa mkwaruzo wa tupa.

Nimesikia sanamu hiyo ilitekwa baharini. Ni kweli?

Kweli kabisa. Marumaru ilichongwa Italia, na mwaka 1814 ikapakiwa kwenye meli ya Kiingereza kurudishwa kaskazini. Wakati huo Uingereza ilikuwa vitani na Marekani, na meli binafsi za Marekani zilikuwa na kibali cha serikali yao kuteka meli za adui. Moja ikaiteka meli iliyombeba malkia wa marumaru. Kabla haijafika mbali, Waingereza wakaikomboa. Baada ya mizunguko hiyo sanamu ilifika Berlin, na mwaka 1815 ikawekwa Charlottenburg. Rauch hakuwa tena kijana wa posho. Ujerumani yote ilikuwa imemjua.

Luise ana wenzake pembeni pia. Mfalme alipofariki 1840, Rauch alichonga sanamu yake ya kulala, nayo ikawekwa ubavuni mwa Luise. Sanamu za mtoto wao Wilhelm wa Kwanza na mkewe Augusta, zilizo chumba hicho hicho, si za Rauch. Hizo ni za Erdmann Encke na zilikuja karne ile ikikaribia kwisha.

Alichonga kila kitu kwa mkono wake?

Hapana, wala hakuna mchongaji mkubwa wa karne ile aliyefanya hivyo. Kazi ilianza kwa udongo wa mfinyanzi juu ya mifupa ya chuma na mbao. Udongo ulifunikwa kwa matambara mabichi usipasuke. Ukishakamilika, unamiminiwa plasta ili kupata kalibu, na kutoka kwenye kalibu hiyo unapata nakala ya plasta ngumu. Udongo hapo hutupwa.

Nakala ya plasta ndiyo inayopelekwa mbele ya gogo la marumaru. Mafundi hutia alama za nukta kwenye plasta, kwenye ncha ya pua, kifundo, ukingo wa mkunjo, kisha kwa timazi na bikari wanahamisha kila nukta hadi kwenye jiwe, wakitoboa kwa keekee hadi kina kinachotakiwa na kuacha unene kidogo kama akiba. Siku za kwanza ni nyundo na patasi nene. Mwisho ni patasi ya meno, tupa, na jiwe la kusugulia. Bwana wa karakana huja kwenye ngozi ya mwisho: midomo, kope, vidole.

Kwa shaba nyeusi shida ilikuwa nyingine. Prusia ilikuwa hodari kwa kusubu chuma, na mnara wa kumbukumbu ya vita uliopo Kreuzberg mjini Berlin, uliozinduliwa 1821 na wenye sanamu kadhaa za Rauch, ni wa chuma. Lakini wasubu wa sanamu kubwa za shaba nyeusi hawakuwapo Berlin, ikabidi mafundi waitwe kutoka Ufaransa. Rauch alilisimamia jambo hilo, na mji ukapata kiwanda cha kazi hiyo kwa sababu ya sanamu zake.

Kwa nini watu wa wakati ule walibishana sana juu ya nguo za sanamu?

Swali hili huulizwa kwa mzaha, lakini ndilo lililomsumbua Rauch maisha yake yote. Kundi moja lilisema shujaa avikwe toga ya Kirumi au aachwe karibu uchi, kwa sababu suruali na vifungo ni mambo ya mwaka mmoja na sanamu ni ya karne nyingi. Kundi lingine, Schadow akiwa mbele, lilisema jemadari wa Prusia ndani ya shuka ya Mrumi ni kichekesho.

Rauch alitafuta njia ya katikati, na njia yenyewe ilikuwa joho. Tazama majemadari Scharnhorst na Bülow, wa marumaru, waliozinduliwa mbele ya Neue Wache, jengo la walinzi mjini Berlin, mwaka 1822. Chini kuna sare, buti na vifungo vyote, lakini juu yake limetupwa joho zito la kijeshi linaloshuka kwa mikunjo ya Kirumi. Kwenye vitako vyao, yaani mawe wanayosimama juu yake, wamechongwa miungu ya kale. Kila kundi likapata chake. Jemadari Blücher wa Berlin, wa shaba nyeusi, aliyezinduliwa 1826, ana upanga mkononi na mguu juu ya mzinga, naye pia amepewa joho.

Alipokuwa hana serikali ya kuiridhisha, Rauch alikuwa huru zaidi. Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, Rauch alimfinyanga uso kwa uso mjini Jena mwaka 1820, na mwaka 1828 akamtengenezea kisanamu kidogo akiwa amevaa koti la nyumbani, mikono nyuma, mzee anayetembea chumbani akiwaza. Hakuna toga wala joho. Ukinipa nafasi ya kuchukua kazi moja tu ya Rauch, nitachukua hiyo.

Ajabu ni kwamba suala hilo la nguo ndilo lililomnyima kazi maarufu kuliko zote. Mji wa Weimar ulipotaka sanamu ya Goethe na mshairi mwenzake Schiller pamoja, Rauch alitoa mfano wenye mavazi ya kale. Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria, aliyejitolea kutoa shaba, akashikilia kwamba wavae nguo za zama zao. Rauch hakukubali, akajitoa. Kazi ikaenda kwa mwanafunzi wake Ernst Rietschel, na sanamu ile ikazinduliwa Septemba 1857, miezi mitatu kabla Rauch hajafa.

Sanamu ya Friedrich Mkuu ilichukua muda gani?

Ukihesabu tangu wazo lilipozuka, miaka 70 na zaidi. Friedrich wa Pili, mfalme wa Prusia aliyeitwa Mkuu, alikuwa bado hai wakati wasanii walipoanza kupendekeza mnara wake, na Schadow peke yake alitoa michoro mingi isiyojengwa. Rauch alipewa kazi 1836. Jiwe la msingi liliwekwa 1840, mwaka wa mia moja tangu Friedrich atawazwe, na uzinduzi ulifanyika tarehe 31 Mei 1851. Mchongaji alikuwa na miaka 74.

Urefu wake wote ni mita 13.5. Juu yupo mfalme mzee, kofia ya pembe tatu, mgongo umepinda kidogo, joho la kifalme limetupwa juu ya sare (joho tena!). Kwenye pembe nne za kitako wapo majemadari wanne juu ya farasi: mwanamfalme Heinrich, Ferdinand wa Braunschweig, Seydlitz na Zieten. Katikati yao wamejaa watu wengine wa enzi ile, kwa ukubwa wa kibinadamu au wamechongwa wakitokeza ukutani, na chini kabisa yameandikwa majina ya waliokosa nafasi.

Kwa maoni yangu imejaa kupita kiasi. Ukisimama mbali unamwona mfalme na farasi, na ni picha safi. Ukikaribia, kitako kinakuwa kama stendi ya mabasi jioni. Lakini sehemu mojamoja, hasa Zieten na farasi wake, ni kazi ya mkono usiotetemeka.

Ni kweli mwanafalsafa Kant amewekwa chini ya mkia wa farasi?

Ni kweli. Upande wa mbele na pembeni ni wa wanajeshi. Wanafalsafa na wasanii wako nyuma: Kant na mwandishi Lessing wamesimama wakizungumza, juu yao ukining'inia mkia wa farasi wa mfalme. Berlin nzima ilicheka, na utani huo haujaisha hadi leo. Rauch alifuata tu mpangilio wa kijeshi ambao taifa lenyewe lilikuwa nao, ila kwa bahati mbaya au nzuri, kila farasi ana upande wa nyuma.

Rauch alimtumia Kant huyo huyo alipotengeneza sanamu kamili kwa ajili ya Königsberg, mji wa mwanafalsafa. Ilisimamishwa 1864, ikapotea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mji sasa unaitwa Kaliningrad na uko Urusi, na tangu 1992 kuna nakala yake.

Friedrich alisimama hapo muda wote?

Wapi! Wakati wa vita alijengewa ukuta wa kumkinga na mabomu. Mwaka 1950 serikali ya Ujerumani Mashariki, isiyotaka mfalme wa kijeshi katikati ya mji wake mkuu, ilimng'oa na kumpeleka Potsdam. Alilala huko vipande vipande, akaja kusimamishwa kwenye bustani miaka ya mwanzo ya 1960. Mwaka 1980 serikali ile ile, sasa ikitafuta historia ya kujivunia, ikamrudisha Unter den Linden. Baada ya nchi kuungana alifanyiwa ukarabati na kurudishwa mahali pake kamili.

Nje ya Prusia alifanya nini?

Mbili zinatosha kutajwa. Mjini Munich ni Mfalme Max Joseph wa Bavaria, ameketi mbele ya jumba la opera, ilizinduliwa 1835. Inasimuliwa kwamba mfalme mwenyewe, alipoonyeshwa wazo hilo akiwa hai, hakupenda kuonekana ameketi mbele ya watu wote. Mjini Nuremberg ni mchoraji Albrecht Dürer, 1840. Hii ya Dürer ina uzito wake: kiwanja cha mji kilizoea wafalme na watakatifu, sasa kikapewa mtu aliyeishi kwa brashi. Kwa ajili ya Walhalla, lile hekalu la mashujaa karibu na Regensburg, alichonga pia malaika sita wa ushindi.

Alikuwa na familia?

Hakuwahi kuoa. Alikuwa na mabinti wawili, Agnes na Doris, na aliwalea. Agnes aliolewa na mtaalamu wa anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, Eduard d'Alton.

Wanafunzi wake ni akina nani?

Karakana yake ilikuwa Klosterstraße, ndani ya jengo la zamani la kiwanda cha sufu liitwalo Lagerhaus, na kwa miaka mingi palikuwa ndipo Berlin inapofundishia wachongaji, chuo kikiwepo au kisiwepo. Rietschel nimemtaja, barua zake na Rauch zimechapishwa, na zinaonyesha mapenzi ya baba na mwana. Friedrich Drake alitengeneza yule malaika wa dhahabu juu ya Mnara wa Ushindi wa Berlin. Albert Wolff alimalizia sanamu ya Musa anayeshikwa mikono na Haruni na Huri, kazi ambayo Rauch aliiacha njiani kwa ajili ya kanisa la Potsdam.

Je, sanamu ya Wissmann iliyokuwa Dar es Salaam ilikuwa yake?

Hapana. Ile sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa zamani wa koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, ilitengenezwa na Adolf Kürle na kuzinduliwa 1909, zaidi ya nusu karne baada ya Rauch kufa. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha 1968. Mpangilio wake, lakini, mtu wa kizungu juu ya kitako na askari Mwafrika chini akimtazama, umetokana na desturi ile ya minara ya Kiprusia: mkubwa juu, wengine kwa daraja zao chini. Rauch alikuwa miongoni mwa walioijenga desturi hiyo, hata kama matumizi yake ya kikoloni yalikuja baadaye.

Nikienda Ujerumani nianzie wapi?

Charlottenburg, kwa Luise. Nyumba ya kaburi iko ndani ya bustani, na hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo panga safari kati ya Aprili na Oktoba. Kisha panda basi hadi Unter den Linden kwa Friedrich, uzunguke hadi nyuma kwa Kant. Blücher na majemadari wenzake Yorck na Gneisenau wako bustanini kando ya jumba la opera la taifa, mwendo wa dakika chache. Kaburi la Rauch mwenyewe liko makaburi ya Dorotheenstadt, mtaa wa Chausseestraße, ambako Schadow pia amezikwa. Mwenye muda wa ziada apande treni hadi Bad Arolsen. Pana jumba la makumbusho lenye jina lake, na mifano ya plasta utaikuta huko, karibu kiasi cha kuziona nukta za mafundi.